John Fowler: Mvumbuzi aliyelima bila mashine kukanyaga shamba

WAKULIMA wa miwa duniani wanakabiliwa na tatizo moja ambalo limewasumbua kwa miongo kadhaa. Mashine zinazowapunguzia kazi ndizo hizo hizo zinazowaharibia ardhi. Trekta, mashine ya kuvunia na tela la kubebea miwa hupita juu ya udongo kwa uzito wa tani nyingi, huushindilia ukawa mgumu kama barabara, na mwaka unaofuata muwa hauchipui vizuri.

Tatizo hilo huwa kubwa zaidi pale mkulima anapotaka kupanda miwa kwa mistari iliyokaribiana ili apate mavuno mengi katika eneo dogo. Kadiri mistari inavyosogeleana, ndivyo gurudumu linavyokosa pa kupita bila kukanyaga shina.

Zaidi ya miaka 160 iliyopita, Mwingereza mmoja aliyefariki dunia akiwa na miaka 38 tu alikuwa tayari ameonyesha njia moja ya kuepuka janga hilo. Aliiweka injini pembezoni mwa shamba, akaliacha plau peke yake liingie ndani likivutwa kwa kamba ya waya. Jina lake ni John Fowler.

Fowler hakuwa mkulima wa miwa, wala hakuishi kuona jinsi mitambo yake ilivyoenea katika mashamba ya sukari. Hata hivyo, historia ya kilimo cha miwa kwa mashine haielezeki bila kumtaja.

Mtoto wa mfanyabiashara

Fowler alizaliwa Julai 1826 katika mji mdogo wa Melksham, wilaya ya Wiltshire, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo, na familia ilikuwa ya madhehebu ya Quaker, ambayo Afrika Mashariki wengi huyafahamu kwa jina la Marafiki.

Wiltshire ya wakati huo haikuwa mahali pa amani kwa wapenda mashine. Mwaka 1830, Fowler akiwa na miaka minne, vibarua wa mashambani kusini mwa Uingereza waliinuka na kuvunja mashine za kupura nafaka, wakidai kwamba zinawanyang'anya kazi ya msimu wa baridi. Wiltshire ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa sana na ghasia hizo. Swali la nani anafaidika na nani anaumia mashine inapoingia shambani lilikuwapo kabla Fowler hajajua kusoma.

Alipomaliza shule, alifuata nyayo za wengi wa tabaka lake akaingia katika biashara ya nafaka. Kazi hiyo haikumvutia. Mwaka 1847, alipofikisha miaka 21, aliiacha na kwenda kaskazini, katika mji wa Middlesbrough, kujifunza uhandisi kwenye kampuni iliyokuwa ikiunda injini za reli na mitambo ya kuvuta mizigo kutoka migodi ya makaa ya mawe.

Katika migodi hiyo, injini ya mvuke husimama mahali pamoja juu ya ardhi, ikazungusha pipa kubwa la chuma linalokunja kamba, na kamba hiyo ikavuta mzigo kutoka mbali. Mfano huo ndio ambao baadaye aliuhamishia shambani.

Njaa ya Ireland

Mwaka 1849 Fowler alisafiri kwenda Ireland kwa shughuli za kibiashara. Nchi hiyo ilikuwa katika maafa makubwa. Ugonjwa wa viazi ulioanza mwaka 1845 ulikuwa umeangamiza chakula cha maskini, na kabla ya baa hilo kwisha watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, huku wengine zaidi ya milioni moja wakiihama nchi.

Kijana huyo wa miaka 23 aliona watu wakifa njaa huku maeneo makubwa ya ardhi yakiwa yametuamisha maji bila kulimwa. Akaondoka akiwa na dhamira moja, kutafuta njia ya kukausha ardhi ya namna hiyo kwa gharama ambayo mkulima angeimudu.

Wakati huo mifereji ya chini ya ardhi ilichimbwa kwa sururu na koleo. Kazi ilikuwa ya polepole na ya gharama kubwa, hivyo ni wenye mali tu walioiweza.

Fowler alibuni plau lenye ulimi mrefu wa chuma uliozama ardhini, na mwishoni mwa ulimi huo kukawa na chuma chenye umbo la risasi nene. Chuma hicho kilipovutwa kilitoboa njia chini ya udongo mithili ya fuko anayechimba shimo lake, na nyuma yake kilikokota mabomba yaliyotungwa kwenye kamba. Mfereji ukawa umechimbwa na mabomba yakawa yamelazwa kwa mara moja, na juu ya ardhi ukabaki mpasuko mwembamba tu.

Mwaka 1851 mashine hiyo ilioneshwa katika Maonyesho Makubwa ya London, ambako mataifa mengi yalipeleka kazi za viwanda vyao. Baadaye Fowler alipewa kazi ya kukausha ardhi katika msitu wa Hainault, Essex, mashariki mwa London.

Mwanzoni aliwatumia farasi kuzungusha winchi iliyokunja kamba. Haukupita muda mrefu akaona kwamba nguvu za farasi hazitoshi. Akawaweka kando na mahali pao akaisimamisha injini ya mvuke.

Kutoka mfereji hadi plau

Baada ya hapo swali lililofuata lilikuja lenyewe. Ikiwa injini inaweza kuvuta chuma kilichozama ardhini, kwa nini isivute plau la kawaida?

Wahandisi wengi wa enzi hizo walikuwa wakilitafuta jibu. Baadhi yao walijaribu njia iliyoonekana ya wazi zaidi, ya kuitembeza injini yenyewe ndani ya shamba ikiwa imekokota plau nyuma yake, kama farasi alivyofanya. Matokeo hayakuridhisha. Injini ya mvuke na boila lake lililojaa maji ilikuwa na uzito mkubwa mno. Katika udongo mbichi ilizama, na katika udongo mkavu iliacha ardhi imeshindiliwa kiasi kwamba plau lililoifuata lilikuwa na kazi ya kuurekebisha uharibifu uliofanywa na injini hiyo hiyo.

Fowler alishika njia nyingine. Injini ilisimama upande mmoja wa shamba. Upande wa pili aliweka kigari kizito chenye magurudumu makali yaliyojikita ardhini kama nanga. Kati ya viwili hivyo ikapita kamba ya waya, na kamba hiyo ikalivuta plau kwenda na kurudi.

Ili kuepuka kupoteza muda wa kuligeuza plau kila lifikapo mwisho wa shamba, yeye na wenzake, akiwamo David Greig, walitengeneza plau lenye pande mbili lililofanana na bembea. Upande mmoja ulipokuwa ukichimba, mwingine ulining'inia juu. Lilipofika mwisho, mlimaji aliuinamisha upande wa pili, na kazi ikaendelea bila kugeuza chochote.

Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Uingereza kilikuwa kimetangaza zawadi ya pauni 500 kwa yeyote ambaye angeleta plau la mvuke lenye kuleta nafuu halisi kuliko farasi. Zawadi hiyo haikuwa rahisi kuipata, kwani majaji waliwahi kuwanyima washindani wote kwa sababu hakuna aliyetimiza masharti.

Mwaka 1858, katika maonyesho ya Chester, Fowler aliinyakua. Majaji waliridhika kwamba katika ardhi nzito mtambo wake ulipunguza gharama kwa asilimia 25 hadi 30 ukilinganishwa na farasi. Katika uchimbaji wa kina kirefu, upungufu huo ulifikia asilimia 80 na zaidi.

Hesabu hiyo ya kina kirefu ndiyo ambayo baadaye ingewavutia wenye mashamba ya miwa.

Kiwanda na kifo

Mwaka mmoja kabla ya ushindi huo, Fowler alikuwa amemwoa Elizabeth Lucy Pease, binti wa Joseph Pease, mbunge kutoka familia ya Darlington iliyokuwa miongoni mwa waanzilishi wa reli nchini Uingereza. Walijaliwa watoto watano.

Mwanzoni injini zake ziliundwa na viwanda vya watu wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 alishirikiana na William Hewitson kuanzisha kiwanda chao katika eneo la Hunslet, mjini Leeds. Hewitson alifariki dunia mwaka 1863, na kampuni ikabaki ikifahamika kwa jina la John Fowler.

Katika kipindi hicho mfumo uliboreshwa. Badala ya injini moja na nanga, zikatumika injini mbili, moja kila upande wa shamba, kila moja ikiwa na pipa la kukunjia kamba chini ya tumbo la boila. Moja ilivuta huku nyingine ikilegeza kamba. Madereva wake, walioachana kwa mamia ya mita, waliwasiliana kwa kupiga king'ora. Kila plau lilipofika mwisho, injini ilisogea hatua chache mbele kandokando ya shamba, ikasimama, na kuvuta tena.

Kati ya mwaka 1850 na 1864 Fowler alisajili hataza 32, peke yake au pamoja na washirika wake. Kazi hiyo ilimmaliza nguvu. Madaktari walimshauri apumzike na kufanya mazoezi ya nje, naye akahamia Ackworth, Yorkshire, ambako alianza kushiriki uwindaji wa kupanda farasi.

Mwishoni mwa mwaka 1864 alianguka kutoka juu ya farasi na kuvunjika mkono. Jeraha hilo lilimletea pepopunda, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa na tiba. Alifariki dunia Desemba 4, 1864. Mtu aliyetumia maisha yake kuwaondoa farasi shambani aliuawa na ajali ya farasi.

Kutoka Leeds hadi mashamba ya miwa

Kampuni iliendelea chini ya ndugu na washirika wake. Soko kubwa la kwanza la nje lilikuwa Misri.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, vilivyoanza mwaka 1861, vilikuwa vimekata ugavi wa pamba, na bei yake ikapanda kupita kiasi. Wenye ardhi wa Misri walitaka kulima zaidi, lakini mwaka 1863 maradhi ya mifugo yaliua ng'ombe wengi wa kukokota plau. Halim Pasha, mmoja wa wakuu wa ukoo wa watawala wa nchi hiyo, akaagiza mitambo ya Fowler. Pamoja nayo alikwenda mhandisi kijana wa Kijerumani, Max Eyth, ambaye baadaye aliizunguka dunia kuutangaza mfumo huo na pia akawa mwandishi mashuhuri.

Vita vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, bei ya pamba ilishuka. Khedive Ismail, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 1863, akageukia sukari kwa nguvu zote katika mashamba yake makubwa ya Misri ya Juu. Viwanda vilijengwa, reli zikatandikwa, na plau za mvuke zikapelekwa kulima miwa. Mipango hiyo na mingine mingi iligharimiwa kwa mikopo ya Ulaya. Mwaka 1876 hazina ya Misri ilishindwa kulipa madeni, na mwaka 1879 Ismail akaondolewa madarakani.

Kwa wenye mashamba ya sukari, plau la Fowler lilikuwa na faida ambayo ng'ombe hawakuweza kuitoa. Muwa haupandwi kila mwaka. Pingili zikishafukiwa, mmea huvunwa, na mashina yaliyobaki huchipua tena kwa misimu kadhaa. Ardhi hutifuliwa mara moja tu kwa ajili ya mavuno ya miaka mingi, hivyo inapasa kutifuliwa kwa kina. Katika udongo mzito wa mfinyanzi, kamba ya waya iliweza kuvuta plau kwenye kina ambacho mnyama hawezi, na uzito wa injini haukuugusa udongo uliolimwa.

Mitambo hiyo ikaenea katika nchi za miwa, zikiwamo Louisiana nchini Marekani, Peru, Hawaii na Queensland nchini Australia. Kiwanda cha Leeds kikaongeza biashara ya reli nyembamba na vichwa vya treni vidogo vya kubebea miwa hadi kinuni. Reli hizo nazo zilikuwa na busara ile ile, kwani mzigo ulipita kwenye njia yake maalumu bila kutanga ovyo shambani.

Haikuwa bahati kwamba wenye mashamba walizipenda mashine katika miaka hiyo. Utumwa ulikuwa umekomeshwa katika makoloni ya Uingereza katika miaka ya 1830, na nchini Marekani mwaka 1865. Matajiri waliozoea kazi ya bure walilazimika kutafuta nguvu nyingine. Katika pwani ya Afrika Mashariki hali ilikuwa tofauti. Wakati injini za Fowler zikivuma Misri, miwa ya bonde la mto Pangani ilikuwa bado ikilimwa kwa jembe la mkono na watumwa.

Hata kule zilikofika, mashine hizo hazikumaliza jasho. Zilitifua ardhi tu. Kupanda, kupalilia na kukata kuliendelea kufanywa kwa mikono. Huko Queensland kazi hiyo iliwaangukia watu waliochukuliwa kutoka visiwa vya Pasifiki, wengine kwa hila na wengine kwa nguvu, na huko Hawaii vibarua wa mkataba kutoka China na Japani.

Trekta laingia shambani

Enzi ya plau la kamba ilianza kufifia baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 Henry Ford alianza kuuza trekta jepesi na la bei nafuu lililotumia mafuta. Mtambo wa Fowler ulihitaji injini mbili za tani nyingi, makaa ya mawe, maji na kikosi kizima cha watu. Trekta lilihitaji dereva mmoja. Wakulima walichagua trekta, na kwa hesabu ya fedha hawakukosea.

Pamoja na trekta, uzito ulirudi ndani ya shamba. Kwanza ulikuwa mdogo, kisha ukakua. Mashine za kuvuna miwa zilipoenea katika nusu ya pili ya karne ya 20, mashamba yakaanza kubeba mashine ya zaidi ya tani 10 ikiandamana na tela lililosheheni.

Wakulima wa Australia ndio walioonja mapema athari zake, kwa kuwa walihamia kwenye uvunaji wa mashine kabla ya wengi. Wengi wao walipanda miwa kwa mistari ya takriban mita 1.5, ilhali magurudumu ya mashine zao yalitanuka kufikia mita 1.8 na zaidi. Kila mavuno, magurudumu yalikanyaga pembeni au juu kabisa ya mashina yaliyotegemewa kuchipua.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa nchi hiyo walijaribu kupanda miwa kwa mistari iliyokaribiana hadi nusu mita. Baadhi ya majaribio yalionyesha mavuno kuongezeka sana, mengine hayakupata faida hiyo, na kikwazo kilichojitokeza kilikuwa magurudumu. Hapakuwa na mashine iliyoundwa kufanya kazi katika shamba la namna hiyo bila kuliharibu.

Mwaka 1993 ulianzishwa utafiti wa pamoja wa kuchunguza kwa nini mavuno ya miwa yalikuwa yamedumaa. Mapendekezo yake yalikuwa ya wazi. Mkulima apande mazao ya jamii ya kunde kati ya mzunguko mmoja wa miwa na mwingine. Aache majani makavu yafunike ardhi badala ya kuyachoma. Apunguze kutifua. Na zaidi ya yote, magurudumu yawe na njia zake za kudumu na miwa iwe na matuta yake.

Kwa mfumo huo, mistari miwili ya miwa huweza kupandwa ikiachana kwa nusu mita juu ya tuta moja, na katikati ya matuta, kila baada ya mita 1.8 au zaidi, ikabaki njia ya mashine. Miwa husogeleana bila kukanyagwa. Siku hizi matrekta huongozwa kwa setilaiti ili yasitoke kwenye njia hiyo.

Somo kwa mashamba ya nyumbani

Suala hilo si geni kwa Afrika Mashariki. Katika mabonde ya Kilombero na Mtibwa nchini Tanzania, na katika ukanda wa sukari wa magharibi mwa Kenya, sehemu kubwa ya miwa ya wakulima wadogo imekuwa ikikatwa kwa panga. Lakini kukata kwa panga hakuzuii magari na matrekta kuingia kubeba mzigo, na mvua ikinyesha wakati wa mavuno magurudumu huchimba mashimo yanayobaki shambani kwa misimu kadhaa.

Mkulima mwenye ekari mbili hana uwezo wa kununua setilaiti wala mashine ya kuvunia. Anachoweza ni kupima upana wa magurudumu ya trekta litakalomtumikia kabla hajachimba mitaro ya kupandia, na kukubaliana na jirani zake kuhusu njia moja ya magari. Hatua hiyo haimgharimu zaidi ya kamba na kigingi.

Huko Darlington, mji wa familia ya mkewe, Fowler alijengewa mnara wa kumbukumbu wenye mfano wa plau lake. Injini kadhaa zilizotoka kiwandani Leeds bado zinatunzwa na wapenzi wa mitambo ya kale, na katika maonyesho ya kila mwaka nchini Uingereza huwashwa, zikasimama pembezoni mwa shamba na kuvuta kamba kama zamani.